Kukadiria si kubahatisha: Jinsi ya kupima makubwa kwa vitu vya kila siku

MKULIMA anayepimiwa mahindi yake kwa gorogoro, mwanahabari anayeambiwa kwamba mkutano wa hadhara ulihudhuriwa na watu 100,000, na mlipakodi anayesikia bajeti ikitajwa kwa matrilioni ya shilingi wana tatizo moja. Wote watatu wametajiwa kiasi ambacho macho matupu hayawezi kukihakiki, na hakuna hata mmoja wao aliye na mizani.

Walicho nacho ni vitu vya kawaida: mkebe, kidole, hatua, punje ya hindi. Makala haya yanaeleza jinsi vitu hivyo vinavyoweza kumpa mtu jibu ambalo, ijapokuwa si kamili, linatosha kumjulisha iwapo anapunjwa.

Yafaa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Kubahatisha ni kutaja namba iliyokuja kichwani. Kukadiria ni kuchukua kitu kimoja unachokijua barabara, kuuliza kinaingia mara ngapi katika kile usichokijua, kisha kuzidisha. Anayekadiria anaweza kueleza alivyolifikia jibu lake, na mwenzake akamkosoa hatua kwa hatua. Anayebahatisha hana la kueleza.

Vipimo vya mwili

Waswahili wa Pwani walikuwa na mfumo kamili wa jambo hili kabla ya mita na kilo kuenea. Shubiri ni urefu kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa. Shubiri mbili hufanya dhiraa, yaani mkono mmoja, kutoka kisigino cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Dhiraa mbili ni wari, na wari mbili ni pima, ambayo ni upana wa mtu aliyenyoosha mikono yote miwili, takriban mita 1.8. Mabaharia walitumia pima kutaja kina cha maji.

Nafaka nayo ilikwenda kwa utaratibu uo huo wa maradufu: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Pishi moja ilikaribia kilo 2.7. Mizigo mizito, kama vile karafuu na pembe za ndovu, ilihesabiwa kwa frasila, ambayo ni takriban kilo 16.

Uzuri wa mfumo huo ni kwamba hata asiyejua kusoma aliweza kuuzidisha na kuugawa kichwani. Kasoro yake inajulikana pia: mikono ya watu hailingani. Mnunuzi wa kitambaa angependa apimiwe na muuzaji mrefu, na muuzaji naye angependelea kumtumia kijana wake wa dukani aliye mfupi.

Hata hivyo, kwa makadirio ya mtu binafsi kasoro hiyo haina uzito, mradi ajue vipimo vya mwili wake mwenyewe. Inatosha kupima mara moja kwa futi ya fundi cherehani: shubiri yangu ni sentimita ngapi, hatua yangu ni sentimita ngapi. Hatua ya mtu mzima hukaribia sentimita 75, hivyo kilomita moja ni takriban hatua 1,300. Anayelijua hili hawezi kuambiwa "ni hapo tu" akaishia kutembea saa nzima bila kujua alichofanyiwa.

Hesabu ya gorogoro

Katika masoko mengi ya Kenya, mahindi na maharagwe huuzwa kwa gorogoro, mkebe uliokuwa wa kilo mbili za mafuta ya kupikia. Chukua mkebe wenye kipenyo cha sentimita 15 na kimo cha sentimita 16. Ujazo wake ni takriban lita 2.8, na ukijazwa mahindi makavu hadi ukingoni hubeba zaidi kidogo ya kilo mbili. Kwa hivyo gunia la kilo 90 hutoa gorogoro zisizozidi 45.

Hadi hapo hakuna ugomvi. Ugomvi huanzia juu na chini ya mkebe.

Juu, kuna kilele. Broka anaponunua kwa mkulima hupenda gorogoro ifurike mpaka punje zianze kumwagika. Mchuuzi anapouza kwa mpishi hufuta kwa kiganja hadi ukingoni. Kilele cha sentimita nne juu ya mkebe tulioutaja kina takriban asilimia nane ya ujazo wake. Katika gorogoro 45, hizo ni karibu gorogoro nne, yaani zaidi ya kilo saba za mahindi ambazo hazikuandikwa popote.

Chini, kuna kitako. Wachuuzi walaghai hukigonga kitako cha mkebe kikaingia ndani. Kikiinuka kwa sentimita moja tu, mnunuzi amepoteza takriban asilimia sita, na macho hayaoni chochote kwa sababu ukingo wa juu haukuguswa. Anayenunua gorogoro 45 za mkebe huo hubeba nyumbani chini ya gorogoro 43.

Lakini hila inayowapita wengi ni ya mkebe uliopunguzwa pande zote. Mkebe ambao kimo chake na kipenyo chake vimepungua kwa sehemu moja ya kumi huonekana karibu sawa na wa kawaida, na mtu angedhani amepoteza asilimia 10. Amepoteza 27. Ujazo hupungua kwa urefu, kwa upana na kwa kina, na upungufu wa kila upande huzidishwa na wa mwingine. Jicho la binadamu hulinganisha vimo vizuri. Kwa ujazo ni shahidi wa kutiliwa shaka.

Dawa yake ni chupa ya maji ya nusu lita. Mkebe wenye vipimo tulivyovitaja ni lazima umeze zaidi ya chupa tano na nusu za maji. Ukishiba kwa chupa tano, muuzaji ana la kujibu. Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, ipo kwa ajili ya migogoro ya namna hii, ila mkaguzi hayupo katika kila kibanda, na chupa ipo.

Wakulima wa viazi wanaijua hasara hii kwa jina jingine: gunia lililovikwa kilemba cha wavu juu, likauzwa kwa bei ya gunia moja ilhali limebeba karibu mawili. Kanuni za mwaka 2019 kuhusu viazi ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Mkulima asiye na mizani anaweza kulinganisha kwa saruji, ambayo mifuko yake ya kilo 50 imeenea kila mahali: ikiwa vijana wawili wanaoubeba mfuko wa saruji kwa wepesi wanahema chini ya gunia la viazi, kuna mazungumzo ya kufanywa kabla ya pesa kupokewa.

Kutoka punje hadi bilioni

Mahindi yayo hayo yanaweza kutufunza namba ambazo akili huzikataa. Kilo moja ya mahindi makavu ina takriban punje 3,000. Yeyote anaweza kulithibitisha hilo kwa kuhesabu punje za kikombe kimoja na kuzidisha. Gorogoro basi ina punje 6,000, na gunia la kilo 90 lina punje 270,000.

Sasa hesabu Wakenya. Sensa ya mwaka 2019 ilipata watu milioni 47.6. Tukiweka punje moja kwa kila mmoja, taifa zima linaenea katika magunia 176 hivi, mzigo wa tani 16, ambao hata haulijazi trela moja la nafaka. Punje bilioni moja nazo zingehitaji magunia 3,700, yaani msafara wa malori 12 yaliyobeba tani 28 kila moja. Hapo ndipo tofauti kati ya milioni na bilioni huonekana: milioni ni magunia manne yaliyoegemezwa ukutani jikoni, bilioni ni foleni barabarani.

Njia hii ya punje ni kongwe. Katika karne ya tatu kabla ya Kristo, Mgiriki Archimedes alimwandikia Mfalme Gelon wa Syracuse kuwapinga waliodai kwamba mchanga hauna idadi. Alianza na mbegu ya mpopi, akachukulia kwamba chembe za mchanga zinazolingana nayo kwa ujazo hazizidi 10,000, na kwamba mbegu 40 zikipangwa hulingana na upana wa kidole kimoja. Kutoka kidole alipanda hatua kwa hatua hadi ulimwengu mzima kama ulivyodhaniwa wakati huo, akapata idadi ambayo leo tungeiandika kwa moja ikifuatwa na sufuri 63. Jibu lenyewe halina kazi kwetu. Njia yake ndiyo hii ya gorogoro na gunia.

Fedha za umma zinahitaji mizani ya aina hii kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa neno "bilioni" limezoeleka mno masikioni hata limepoteza uzito. Noti mpya 100 zikibanwa pamoja hufikia unene wa takriban sentimita moja. Kwa noti za Sh1,000, sentimita hiyo ni Sh100,000, na Sh1 milioni ni rundo la sentimita 10, urefu wa kiganja. Sh1 bilioni ni rundo la mita 100. Jumba la KICC jijini Nairobi lina kimo cha mita 105.

Kwa hivyo kila bilioni inayotajwa katika ripoti ya ukaguzi ni rundo la noti za elfu moja linalokaribia kilele cha KICC. Trilioni moja ni majumba elfu moja ya namna hiyo yakiwa yamepandana, au, tukililaza rundo hilo barabarani, kilomita 100. Bajeti ya mwaka wa kifedha wa 2023/2024 ilikuwa takriban Sh3.7 trilioni: rundo lililolala kutoka Nairobi hadi Kisumu na kupita kidogo.

Wanaopendelea saa kuliko noti wanaweza kuhesabu hivi. Tuseme mtu alianza kuweka akiba ya shilingi moja kila sekunde Kenya ilipojipatia uhuru, Desemba 12, 1963, bila kulala. Milioni ya kwanza angeipata kabla ya Krismasi ya mwaka uo huo. Bilioni ya kwanza angeipata Agosti 1995, na ya pili Aprili 2027. Trilioni angeisubiri kwa miaka zaidi ya 31,000.

Umati uwanjani

Miaka kadhaa iliyopita, mwandishi wa makala haya alitumwa kuripoti mkutano wa kisiasa katika uwanja wa shule moja ya msingi. Mwandalizi alisema waliohudhuria walikuwa 50,000. Afisa wa usalama aliyekuwa karibu alicheka, akasema hawakufika 3,000. Namba zote mbili zilitamkwa kwa uhakika mkubwa.

Watu walipotawanyika, niliutembelea uwanja huo kwa hatua: 110 kwa urefu, 60 kwa upana. Hizo ni mita 82 kwa mita 45, takriban mita 3,700 za mraba. Umati ulikuwa umejaza thuluthi mbili za eneo hilo, bega kwa bega lakini bila kubanana. Jibu langu lilikuwa watu kama 6,000. Ili watu 50,000 waenee pale, kila mita moja ya mraba ingebeba watu 20, jambo ambalo haliwezekani hata wakipandana mabegani.

Kanuni niliyoitumia inahusishwa na Herbert Jacobs, mwalimu wa uanahabari katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1960. Dirisha la ofisi yake lilitazama uwanja ambako wanafunzi waliandamana, na sakafu ya uwanja huo ilikuwa imegawanywa katika miraba inayolingana. Jacobs alihesabu watu katika miraba michache, kisha akahesabu miraba. Alibainisha kwamba katika umati uliotawanyika kila mtu huchukua futi 10 za mraba, katika umati mzito futi 4.5, na katika ule uliobanana kabisa futi 2.5. Kwa mita, hao ni mtu mmoja, watu wawili na nusu hivi, na watu wanne na zaidi katika kila mita moja ya mraba.

Uwanja wa soka wa kimataifa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Ukijaa watu waliotawanyika, hao ni karibu 7,700. Ukijaa umati mzito, 17,000. Ukibanana kabisa, kama 31,000. Kila msomaji ambaye amewahi kusimama kwenye uwanja wa mpira anaweza kuitumia picha hiyo dhidi ya madai ya mwanasiasa yeyote. Ni vyema pia kujua kwamba watu wakizidi wanne au watano katika kila mita ya mraba, hatari ya kukanyagana inakuwa kubwa. Unaposhindwa kuinua mikono yako kutoka kiunoni, ondoka ungali unaweza.

Ambapo hakuna kiwanja cha kupima, makadirio hujengwa kwa mawazo yanayofuatana. Mwanafizikia Enrico Fermi alisifika kwa hilo. Bomu la kwanza la nyuklia lilipolipuliwa katika jangwa la New Mexico, Marekani, Julai 16, 1945, yeye akiwa umbali wa takriban kilomita 16, aliangusha vipande vya karatasi wimbi la mlipuko lilipompitia. Vilisogea kama mita mbili na nusu. Kwa kipimo hicho tu alikadiria nguvu ya tani 10,000 za baruti ya TNT. Vipimo vya baadaye vilionyesha zaidi ya tani 20,000. Alikosea mara mbili na kidogo, lakini kwa vijikaratasi.

Jaribu swali la nyumbani: mji wa watu 100,000 una vinyozi wangapi? Nusu ni wanaume na wavulana. Tuseme 40,000 kati yao hunyolewa kinyozini kila wiki tatu, yaani mara 17 kwa mwaka. Hizo ni safari 680,000. Kinyozi anayehudumia wateja 15 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hunyoa 4,500. Jibu ni vinyozi 150 hivi. Huenda ni 100, huenda ni 250. Hawawezi kuwa 10 wala 5,000. Kijana anayetaka kukopa pesa afungue kinyozi cha 151 ana haki ya kuifanya hesabu hii kabla hajatia sahihi.

Umbali kwa kidole na kwa radi

Kwa umbali, kidole gumba kinatosha. Nyoosha mkono mbele, inua gumba, funga jicho moja na ulenge kitu kilicho mbali. Sasa fumbua jicho hilo na ufunge la pili: gumba litaonekana kuruka upande. Kadiria kimeruka umbali gani kule ng'ambo, kisha zidisha kwa 10. Sababu ni kwamba mkono wa binadamu ni takriban mara 10 ya nafasi iliyo kati ya macho yake. Ikiwa ng'ambo ya bonde kuna matatu ya abiria 14, ambayo urefu wake hukaribia mita tano, na gumba limeruka kiasi cha matatu 10 kama hizo, basi limeruka mita 50, na wewe uko mita 500 kutoka hapo.

Radi hupimwa kwa masikio. Mwanga hufika papo hapo. Sauti husafiri mita 340 kwa sekunde. Hesabu sekunde kutoka umeme hadi ngurumo, gawa kwa tatu, na hizo ndizo kilomita. Sekunde zikipungua 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na huu ni wakati wa kuingia ndani ya nyumba, wala si chini ya mti. Kwa wakazi wa Kisii na magharibi mwa Kenya, ambako radi imeua watu mara nyingi, hii ni hesabu ya kufundishwa watoto mapema.

Kuhusu jua, sisi tulio karibu na Ikweta tuna bahati, kwa maana hapa huzama karibu wima. Ngumi iliyonyooshwa mbele ya uso hufunika takriban nyuzi 10 za anga, na jua hutembea nyuzi 15 kwa saa. Ngumi moja kati ya jua na upeo wa macho basi ni dakika 40 kabla ya machweo. Katika nchi za kaskazini, ambako jua huteremka kwa mshazari, kipimo hicho hupotosha.

Limesalia la mvua, ambalo kwa familia nyingi lina faida kuliko yote haya. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Paa la mabati lililofunika eneo la mita 10 kwa mita sita, mvua ya milimita 20 inapolinyeshea, hupokea lita 1,200, sawa na mitungi 60 ya lita 20. Ondoa mitungi kama 10 kwa maji yanayotapakaa na kuvuja kwenye mifereji. Bado lile tangi la lita 1,000 linalouzwa madukani litakuwa limejaa kwa mvua ya alasiri moja, na mwenye nyumba aliyekuwa akiwaza kununua la lita 5,000 anajua sasa kwamba anahitaji alasiri tano.